Bomu Likilipuliwa kwa Siri Mashariki ya Pemba, Nani Atajua?

Tuseme serikali moja imeamua kujaribu bomu la nyuklia kwa siri. Imelipakia kwenye meli, ikalipeleka kilomita 400 mashariki ya Pemba, mahali pasipo kisiwa wala njia kubwa ya meli, na usiku mmoja wa Julai ikalilipua pale pale juu ya maji. Bomu lenyewe ni dogo kwa vipimo vya silaha hizi: kilotoni moja, yaani nguvu ya tani 1,000 za baruti ya TNT. Lile la Hiroshima lilikuwa karibu kilotoni 15. Mvuvi wa Kojani aliyeko dago hatasikia kishindo chochote, na aliyelala Micheweni hataamka. Je, kuna atakayejua? Na akijua, itakuwa baada ya muda gani?

Nauliza kwa sababu mambo haya yalishafika barani kwetu na baharini kwetu. Tangu lile la kwanza la tarehe 16 Julai 1945 katika jangwa la New Mexico, zaidi ya majaribio 2,000 ya nyuklia yamefanywa duniani. Ufaransa ilianza yake Reggane, katika Sahara ya Algeria, tarehe 13 Februari 1960, huku nchi za Kiafrika zikipinga kwa sauti kubwa. Na usiku wa kuamkia tarehe 22 Septemba 1979, satelaiti ya Marekani ya aina ya Vela iliona mwako wa ajabu upande wa kusini kabisa ambako Bahari ya Hindi inakutana na Atlantiki, karibu na visiwa vya Prince Edward vya Afrika Kusini. Mpaka leo hakuna serikali iliyokiri kuhusika. Nitaurudia mwako huo mbele, maana unafundisha mengi.

Mwaka 1996 ulifunguliwa Mkataba wa Kupiga Marufuku Kabisa Majaribio ya Nyuklia. Tanzania iliutia saini na kuuridhia tarehe 30 Septemba 2004. Mkataba wenyewe una kurasa nyingi za sheria, lakini uti wake wa mgongo ni mtandao wa vituo 321 vya kupima na maabara 16, vilivyopangwa dunia nzima, na vilivyokwisha kujengwa hupeleka data Vienna, Austria, usiku na mchana. Vituo hivyo ni vya aina nne: vya kupima mitetemo ya ardhi, vya kusikiliza bahari, vya kusikiliza anga, na vya kukamata chembe za mionzi hewani. Pemba haina hata kimoja. Lakini imezungukwa navyo, na njia nzuri ya kuvielewa ni kulifuata lile bomu letu la kubuni tangu dakika ya kwanza.

Mtetemo ndio unaofika mwanzo. Kenya ina kituo kikuu cha mitetemo huko Kilimambogo, karibu na Thika, kiasi cha kilomita 800 kutoka pale tulipoweka meli yetu. Wimbi la kwanza la mtetemo hukimbia katika miamba kwa kasi ya kilomita 8 hivi kwa sekunde, kwa hiyo litafika Kilimambogo kabla ya dakika mbili kutimia. Uganda nayo ina kituo saidizi Mbarara, na Zambia kimoja Lusaka. Vituo vitatu au vinne vikisikia, kompyuta hulinganisha saa za kufika na kutaja mahali ulipoanzia mtetemo.

Kusikia si kazi ngumu. Kazi iko kwenye kutambua. Dunia hutetemeka kila siku, na anayetafuta bomu lazima kwanza aondoe maelfu ya mitetemo ambayo si bomu. Chukua mifano miwili. Tarehe 3 Septemba 2017 Korea Kaskazini ililipua bomu chini ya mlima huko Punggye-ri, na vipimo vikaandika tukio la ukubwa wa 6 na ushei. Tarehe 12 Agosti 2020, saa 2 na robo usiku hivi, chini ya bahari kusini-mashariki ya Dar es Salaam palitokea tetemeko la ukubwa wa karibu 6. Watu wa Dar es Salaam na Zanzibar walitoka nje ya nyumba zao. Kwa namba peke yake matukio hayo mawili ni ndugu. Mchoro wa mtetemo ndio uliowatenganisha.

Bomu husukuma ardhi kwenda nje pande zote kwa mara moja, kama puto lililojazwa hewa ghafla. Kwa hiyo kila kituo, kiwe mashariki au magharibi, huona ardhi ikisukumwa kwanza, si kuvutwa. Tetemeko la asili ni miamba miwili inayoteleza, mmoja huku na mwingine kule. Vituo vya upande mmoja huona msukumo na vya upande mwingine huona mvuto. Zaidi ya hapo, bomu hutoa wimbi la kwanza lenye nguvu kubwa huku yale mawimbi mazito yanayotambaa juu ya uso wa dunia yakiwa dhaifu. Tetemeko la asili hutoa mawimbi hayo ya juu kwa wingi. Wataalamu hulinganisha aina hizo mbili, na uwiano wake ni ushahidi unaotegemewa tangu miaka ya 1960. Halafu kuna kina: mtetemo uliotoka kilomita 30 chini ya ardhi hauwezi kuwa kazi ya binadamu, kwa sababu shimo lenye kina kikubwa kuliko yote aliyowahi kuchimba halikuzidi kilomita 13 kwenda chini.

Afrika Mashariki ina tukio lake la kusikitisha katika elimu hii. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, lori la mabomu lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na kuua zaidi ya watu 200, palikuwa na kipima-tetemeko katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kilomita chache tu kutoka hapo. Kifaa hicho kiliandika mlipuko. Mwaka uliofuata watafiti walichapisha uchambuzi wa mchoro ule: waliweza kutaja wakati wa mlipuko kwa usahihi wa sehemu ya sekunde na kukadiria uzito wa baruti kwa tani. Mbinu walizotumia ni zile zile zilizoundwa kwa ajili ya kuwapima Warusi na Wamarekani katika vita baridi. Nairobi yenyewe ilikuwa na kipima-tetemeko cha mtandao ambao Marekani iliujenga duniani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa shabaha hiyo, na Addis Ababa pia. Mtandao huo uliowekwa kutafuta mabomu ndio uliowapa wanasayansi data safi iliyothibitisha kwamba mabara yanatembea.

Turudi kwenye meli yetu. Kwa kuwa bomu lililipuka juu ya maji na si ndani ya mwamba, mtetemo utakaofika Kilimambogo unaweza kuwa mdogo. Maji ndiyo yatakayosema zaidi.

Sauti hukimbia baharini kwa kilomita moja na nusu kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Na bahari kuu ina tabaka, kiasi cha kilomita moja au zaidi chini ya uso katika maji ya joto kama yetu, ambamo sauti ikiingia hainyanyuki kugonga uso wala haizami kugonga sakafu. Inapindwa na kurudishwa katikati, inapindwa tena, na hivyo husafiri maelfu ya kilomita bila kuchoka. Mwaka 1960 meli ya Australia iliangusha mabomu ya kawaida baharini karibu na Perth, na baada ya saa tatu na dakika arobaini hivi sauti ikasikika Bermuda, karibu nusu ya mzunguko wa dunia. Hii ndiyo sababu mkataba ulihitaji vituo 11 tu kusikiliza bahari zote.

Kilicho karibu nasi kiko Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos, kisiwa ambacho wenyeji wake walihamishwa kwa nguvu kati ya 1968 na 1973 kupisha kambi ya jeshi la Marekani, na dhuluma hiyo haisahauliki kwa sababu ya faida ya sayansi. Vinasa sauti vya majini, haidrofoni, vimening'inizwa huko katika makundi mawili, moja kaskazini ya visiwa na jingine kusini, kwa sababu visiwa vyenyewe huzuia sauti ya upande wa pili. Kwa hesabu ya kasi, mlipuko wetu ungefika huko baada ya dakika 36.

Hapa kuna jambo ambalo ramani ya kawaida haioneshi. Kati ya Pemba na Diego Garcia kuna Shelisheli, na visiwa vile vya juu ni vilele tu vya uwanda mpana uliozama, ambao maji yake ni haba, makumi ya meta tu sehemu nyingi. Sauti inayosafiri kilomita moja chini ya maji hugonga ukingo wa uwanda huo. Baadhi yake hutawanyika, baadhi huzunguka pembeni, na inayofika ng'ambo imedhoofika. Kwa maneno mengine, maji yaliyo mbele ya Pemba yamo kwa kiasi fulani katika kivuli. Mpangaji wa uovu angeweza kulijua hilo, ndiyo maana mtandao haukutegemea sikio la aina moja.

Haidrofoni hizo zimesikia mengine pia. Mwaka 2021 watafiti waliochambua rekodi za Diego Garcia za karibu miaka 20 walitangaza kwamba wimbo wa nyangumi wa buluu uliokuwa ukisikika humo ni wa kundi ambalo sayansi haikuwa ikilijua. Wanyama wakubwa kuliko wote duniani walikuwa wakiimba katikati ya Bahari ya Hindi, na waligunduliwa kwa sikio kabla ya jicho.

Mlipuko wa ndani ya maji una alama yake. Gesi ya moto hufanya povu kubwa ambalo hutanuka, likasinyaa, likatanuka tena, na kila mara hutoa kishindo kingine. Mpigo huo wa kujirudia huonekana wazi kwenye mchoro, na tetemeko la asili halina. Sisi wa pwani tunaifahamu milipuko ya baharini kwa uchungu wake, maana uvuvi wa baruti umeua matumbawe yetu kwa miongo mingi. Machi na Aprili 2015, watafiti wakiongozwa na Gill Braulik walikokota haidrofoni nyuma ya mashua katika pwani yote ya Tanzania, kilomita 2,692 za njia. Katika saa 231 za kurekodi walithibitisha milipuko 318. Karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Baada ya hapo palikuwa na ramani. Ninaitaja kazi hiyo kwa sababu ni ufundi ule ule wa Diego Garcia, kwa kipimo kidogo na kwa kifaa ambacho chuo cha hapa nyumbani kinaweza kukimudu.

Sikio la tatu husikiliza anga. Mlipuko mkubwa hutoa sauti nzito mno, chini kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu, na sauti hizo za chini hupenya angani kwa maelfu ya kilomita. Kituo cha karibu kiko Nairobi; kuna kingine Djibouti na kingine Madagaska. Kila kituo ni kundi la vipima-kanieneo vya hewa vilivyopangwa kwa umbali wa mamia ya meta hadi kilomita kadhaa, kila kimoja kikizungukwa na mabomba yenye matundu ya kupunguza kelele za upepo. Wimbi likigonga kifaa cha mashariki mapema kidogo kuliko cha magharibi, tofauti hiyo ya sekunde huonesha lilikotoka. Mwaka hadi mwaka kituo cha Nairobi husikia volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, zaidi ya kilomita 800. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga ilipolipuka Pasifiki, vituo vyote vya aina hii vilivyokuwa vikifanya kazi duniani viliisikia. Sauti ya meli yetu itagonga Nairobi baada ya dakika kama 45. Maji, kama ulivyoona, yana mbio kuliko hewa.

Basi ndani ya saa moja Vienna itajua kwamba kitu kikubwa kimelipuka mashariki ya Pemba. Lakini haitajua bado kwamba ni nyuklia. Meli ya mafuta nayo hulipuka. Ushahidi wa mwisho hauletwi na sauti wala mtetemo, huletwa na upepo. Na katika jambo hili Mpemba anaanza akiwa na elimu kuliko msomaji wa Ulaya.

Dar es Salaam, chini ya kilomita 200 kutoka Chake Chake, kuna kituo cha mtandao huu kiitwacho RN64. Ukikiona hakina fahari. Kuna mashine ya kuvuta hewa, meta za ujazo zisizopungua 500 kila saa, inayoipitisha kwenye chujio. Kila siku fundi huondoa chujio la jana na kuweka jipya. Lile la jana hushindiliwa likawa kisahani kidogo, kisha huachwa kwanza siku nzima bila kupimwa. Kusubiri huko kuna sababu: hewa ya kawaida, hasa inayotoka nchi kavu, ina mionzi ya asili itokayo kwenye udongo, na mionzi hiyo hufa haraka. Mtu akipima mara moja ataona kelele hiyo tu. Siku hiyo ikipita, kisahani huwekwa mbele ya fuwele ya germaniamu iliyopozwa hadi baridi kali, na huachwa hapo saa 24 nyingine. Kila isotopu, yaani kila aina ya atomu yenye mionzi, hutoa mionzi ya nishati yake, kwa hiyo fuwele huandika orodha ya kilichomo bila kukifungua. Kwa hiyo hewa iliyoanza kuvutwa leo majibu yake hupatikana mtondo, baada ya siku tatu. Subira hiyo ndiyo inayomwezesha fundi kuona kitu kilicho hafifu mno.

Siku nyingi orodha hiyo haina jipya. Kuna berili-7, ambayo hutengenezwa juu angani na miale ya kutoka nje ya dunia. Pengine kuna alama hafifu ya siziamu-137, masalia ya majaribio ya zamani, ambayo nusu yake huchukua miaka 30 kupungua. Lakini siku ambayo iodini-131 na bariamu-140 zitaonekana pamoja, simu zitalia. Bariamu-140 hupungua nusu kwa siku 13 hivi, iodini-131 kwa siku 8. Ukijua uwiano wao unaweza kuhesabu kurudi nyuma na kutaja siku zilipozaliwa.

Mabomu yanayolipuliwa chini ya ardhi hayatoi chembe kwa urahisi, ila gesi ya zenoni hupenya kwenye nyufa. Korea Kaskazini ilipojaribu mara ya kwanza Oktoba 2006, zenoni ilionekana Yellowknife, Kanada, wiki mbili baadaye. Jaribio lake la Februari 2013 lilichukua siku 55 kabla zenoni haijaonekana Takasaki, Japani. Tatizo ni kwamba zenoni hutoka pia kwenye viwanda vinavyotengeneza dawa za mionzi za hospitali. Kimoja kikubwa kiko Pelindaba, Afrika Kusini, jina lile lile lililopewa mkataba wa mwaka 1996 unaolifanya bara la Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Kwa hiyo mchambuzi lazima ajue upepo wa siku ile ulipita wapi.

Sasa uliza: upepo wa Julai ulipita wapi? Julai ni kusi. Upepo unatoka kusini, unapanda pwani yetu kuelekea Somalia, na karibu na ikweta hugeuka kuwa mkondo wa hewa wenye nguvu unaokata Bahari ya Arabuni hadi India. Mabaharia wa majahazi waliujua mkondo huo kwa karne nyingi; mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater, aliyeuchunguza kwa vipimo vya Afrika Mashariki, aliueleza kisayansi mwaka 1969. Wingu la bomu letu la Julai litauvaa mkondo huo. Halitafika Dar es Salaam kabisa. Fundi wa RN64 atashindilia visahani vyake siku baada ya siku na kuona berili tu. Na India, kule wingu linakoelekea, haijautia saini mkataba, kwa hiyo haina hata kituo kimoja cha mtandao. Itabidi kungoja vituo vya mbali zaidi, kama cha Thailand, na kufikia hapo wingu limetawanyika.

Lipua bomu hilo hilo Januari na kila kitu kinageuka. Kaskazi italibeba wingu kuja pwani, na kwa upepo wa wastani siku moja au mbili zinatosha liwe juu ya Unguja na Dar es Salaam. Chujio litalikamata.

Wachambuzi wa Vienna hufanya hesabu hii kinyumenyume: wanachukua kilichopatikana kwenye chujio na kuirudisha hewa ilikotoka, saa kwa saa, kwa siku 14 nyuma. Pwani ya Waswahili ni mahali pa thamani kwa hesabu hiyo, kwani kituo kimoja hupumua hewa ya Arabuni na Bara Hindi miezi ya kaskazi na hewa ya bahari ya kusini miezi ya kusi.

Mwako wa 1979 ulikosa kitu hiki hasa. Satelaiti iliona mweko mara mbili, wa kwanza mfupi mno na wa pili mrefu zaidi, na bomu la nyuklia la angani ndilo linalojulikana kumulika namna hiyo, kwa kuwa wimbi la mshindo huziba mwanga wa kwanza kwa muda kidogo. Wataalamu wa jeshi la majini la Marekani walisema haidrofoni nazo zilisikia. Ndege zilitumwa kutafuta chembe angani, hazikuleta ushahidi uliowaridhisha wote. Jopo lililoundwa na Ikulu ya Marekani likasema huenda satelaiti ilidanganyika. Wengi, nami nikiwa miongoni mwao, tunaamini kwamba lilikuwa bomu. Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa ikiunda mabomu wakati huo, Rais F. W. de Klerk alikiri mwaka 1993 kwamba yalifikia sita kabla ya kuvunjwa. Kwa Tanzania, iliyokuwa mstari wa mbele kupigania ukombozi wa kusini, hilo lilikuwa jambo la uhai. Na bado Dodoma na Dar es Salaam hazikuwa na njia yao wenyewe ya kujua. Taarifa zote zilikuwa mikononi mwa mataifa makubwa, yakitoa yalichotaka na kuficha yalichotaka.

Hili ndilo lililobadilika, na ndilo ninalotaka lieleweke. Kwa mkataba wa kupiga marufuku majaribio, data ya vituo vyote si siri ya mkubwa. Kila nchi iliyotia saini, tajiri au maskini, ina haki sawa ya kupokea data yote kupitia kituo chake cha taifa: mtetemo wa Kilimambogo, sauti ya Diego Garcia, chujio la Dar es Salaam, zenoni ya Takasaki. Tanzania ina haki hiyo. Bomu likilipuka leo mashariki ya Pemba, hatuhitaji kusubiri Washington au Moscow watuambie.

Ila haki isiyotumika haina kazi. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la Sumatra lilipotokea alfajiri kwa saa zetu, vipima-tetemeko vya mtandao vililiandika dakika chache baadaye. Tsunami ilichukua saa nane na zaidi kuvuka hadi pwani ya Afrika Mashariki. Muda wote huo data ilikuwapo, lakini hapakuwa na njia ya kuigeuza kuwa onyo, na Tanzania ilizika watu wasiopungua 10. Baada ya maafa hayo nchi wanachama ziliruhusu data ipelekwe kwenye vituo vya tahadhari ya tsunami. Lakini onyo la kutoka mbali linahitaji watu wa hapa wanaoelewa linachosema, mpaka Tumbe na Wesha.

Mfano wa karibu zaidi ni Mayotte, katika visiwa vya Ngazija. Kuanzia Mei 2018 ilitetemeka kwa miezi, na tarehe 11 Novemba vipima-tetemeko kutoka Kenya na Zambia hadi Kanada viliandika mvumo mmoja wa taratibu, wimbi kila sekunde 17 hivi, kwa zaidi ya dakika 20. Watu kwenye mitandao walibuni kila aina ya maelezo. Mei 2019 meli ya Ufaransa ikakuta sakafuni mwa bahari, kilomita 50 mashariki ya Mayotte, mlima mpya wa volkano wenye kimo cha meta 800 na zaidi, ambao haukuwapo hapo kabla. Nchi yenye wachambuzi wake huweza kuwatuliza watu wake mapema. Nyingine husoma habari kama watu wengine.

Mkataba wenyewe bado haujaanza kufanya kazi kisheria. Unahitaji kuridhiwa na nchi 44 zilizotajwa kwa majina, na tisa bado: Marekani, China, Misri, Iran na Israeli zimetia saini bila kuridhia, India, Pakistani na Korea Kaskazini hazijatia saini, na Urusi, iliyokuwa imeridhia, ilifuta uridhiaji wake Novemba 2023. Mpaka hapo zitakaporidhia zote, wakaguzi hawawezi kwenda mahali penye tuhuma kuchimba na kupima. Kitakachobaki ni masikio na chujio.

Kuna jambo ambalo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja vinaweza kulianza bila kungoja nchi hizo tisa. Shirika la mkataba huo linatoa data ya miaka iliyopita bure kwa watafiti: mtafiti huandika mpango wake, hutia saini makubaliano yasiyo na malipo, naye hufunguliwa hifadhi. Mwaka 2019 wataalamu wa Vienna walichapisha utafiti unaoonesha kwamba kupanda na kushuka kwa berili-7 kwenye machujio kunaweza kutabiri kuingia kwa mvua za monsuni za India wiki nyingi kabla. Hakuna sababu ya kisayansi ya kutojaribu hilo kwa kusi na kwa mvua za Pemba, kwa kutumia visahani vya Dar es Salaam na kumbukumbu za vituo vya hali ya hewa vya visiwani, pamoja na manahodha wa Kojani na Wete wanaojua siku pepo zinapogeuka. Na katika mlangobahari wa Pemba, wenye kina cha mamia ya meta, haidrofoni moja iliyotiwa nanga ingesikiliza baruti, nyangumi na mitetemo kwa wakati mmoja. Kwa vyuo vyetu hatua ya kwanza ni ombi la kurasa chache linalotumwa Vienna, likiwa na jina la mwanafunzi, msimamizi wake, na swali wanalotaka kulijibu.